Wachache wamechafua jina la chama chetu cha mafundi: tulilinde vipi bila kufunika makosa?

KatibuMafundi

Heshima kwenu wote. Mimi ni katibu wa chama cha mafundi umeme wa majumbani chenye wanachama 43. Kwa miaka tisa tumekuwa tukipata karibu kazi zetu zote kwa njia moja tu, nayo ni mteja aliyeridhika kumwambia jirani yake. Mwezi uliopita njia hiyo ilizibika. Mama mmoja alisikia harufu ya kitu kinachoungua nyuma ya jiko lake la umeme, akazima swichi kuu, kisha akamwita fundi mwingine, ambaye kwa bahati naye ni mwanachama wetu. Fundi huyo alipobandua plasta alikuta jiko limeungwa kwa waya wa taa, ule wa milimita mraba 1.5, ilhali risiti ilionyesha kwamba mteja alilipia waya wa 6. Ganda la waya lilikuwa limelainika na kuwa jeusi kwa urefu wa kiganja, na likiguswa lilimeguka kama mkate uliokauka. Kipande hicho kiko mezani kwangu hadi leo.

Tulipofuatilia tulibaini kwamba mafundi watatu wamekuwa wakifanya hivyo kwa kushirikiana: wananunua waya mwembamba, wanaufukia ukutani, na kinachobaki wanagawana. Sasa unasambaa ujumbe kwenye simu ukiwaonya watu wasimwite fundi yeyote wa chama chetu, na wanachama 40 ambao hawajamdhulumu mtu wanarudishwa mlangoni wakiwa na mikoba yao ya vifaa.

Kamati imegawanyika. Mwenyekiti anataka tutoe tamko la kuwakana watatu hao, kwamba si wenzetu na hatuwatambui. Wazee wa chama wanasema tunyamaze, kwa kuwa maneno ya watu huchoka yenyewe. Vijana wanataka picha za wahusika zisambazwe leo kabla ya kesho. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, na nauliza kwa upana: jamii yoyote, iwe ya kazi, ya imani au ya mtaa, inalindaje jina lake pale wachache wanapolichafua?

Mkaguzi_Mstaafu

Pole sana, Ndugu Katibu. Nianze na tamko la mwenyekiti wako, kwa sababu ndilo linalovutia kuliko mengine na ndilo litakalowagharimu zaidi. Maneno "hao si wenzetu" huaminika tu ikiwa mteja angeweza, kabla ya kosa kutokea, kujua nani ni mwenzenu na nani siye. Je, orodha ya wanachama wenu iliwahi kuwekwa mahali ambapo mtu wa nje angeweza kuisoma? Kama haikuwahi, basi machoni pa mteja chama chenu hakina watu 43. Kina mtu mmoja mwenye sura nyingi, na mtu huyo ndiye aliyefukia waya wa taa kwenye ukuta wa yule mama. Msimlaumu mteja kwa kuwahukumu wote. Hajapewa kitu cha kuwatenganishia.

Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na gari bovu, huyapa yote bei ya wasiwasi, na mwenye gari zima huona ni heri asiliuze kabisa. Kwa hiyo sokoni hubaki mabovu. Nawatahadharisha kwamba watakaoondoka kwanza chamani mwenu si wale wadanganyifu, bali ni mafundi bora, kwa sababu wao wana majina yanayoweza kusimama peke yake bila chama.

Wafua fedha wa Uingereza walikumbana na tatizo la namna hii zamani mno. Sheria ya mwaka 1300 iliagiza vyombo vya fedha vipimwe na kupigwa chapa ya kichwa cha chui kabla ya kuuzwa. Chapa hiyo ilithibitisha kwamba fedha ni safi, lakini haikumtaja aliyeifua. Mwaka 1363 kila bwana mfua fedha akatakiwa kuwa na alama yake mwenyewe, na tangu mwaka 1478 ikaongezwa herufi inayoonyesha mwaka, hata ikawezekana kumjua mpimaji aliyekuwa na dhamana chombo kilipopitishwa. Tazameni mpangilio huo: kwanza jina la wote, kisha jina la mmoja, kisha jina la anayemkagua yule mmoja. Ninyi mlikuwa na la kwanza tu.

Katika kazi yangu ya ukaguzi wa majengo nilikuwa nikifungua sanduku la swichi na kukuta limeandikwa kwa kalamu ya risasi jina la fundi na tarehe. Sikuwahi kujua nani aliwafundisha mafundi hao, ila niliona kwamba palipokuwa na jina, mara nyingi palikuwa na kazi safi. Wekeni kibandiko ndani ya kila sanduku: jina, namba ya uanachama, tarehe, na unene wa waya uliokwenda kwenye kila mkondo. Kitawafaa kuliko tamko lolote.

MsomajiWaHistoria

Nakubaliana na Mkaguzi kuhusu alama, ila sijaona mtu akimtaja yule mama. Kuta zake zimebomolewa, nani anazijenga? Mtu aliyedhurika haanzi kwa kuuliza kama chama kina katiba. Huuliza nani atalipa.

Yapo mafunzo ya kale hapa. Katika miji mingi ya Ulaya ya karne ya 12 na ya 13, mfanyabiashara akikopa ugenini na kushindwa kulipa, mdai aliweza kupewa ruhusa ya kukamata mali ya mtu yeyote wa mji wa mdaiwa aliyeonekana sokoni, hata kama mtu huyo hakuwahi kumwona mdaiwa maishani mwake. Leo twaona ni dhuluma, na hakika aliyenyang'anywa vitambaa vyake kwa deni la mwingine alidhulumiwa. Lakini utaratibu huo uliupa kila mji sababu ya kuwabana watu wake: mji uliolinda walaghai uliona wafanyabiashara wake wote wakikosa pa kuuzia. Mwanahistoria wa uchumi Avner Greif amelichunguza jambo hili kwa kina, na anaonyesha kwamba utaratibu huo ulidhoofika kadiri miji na biashara vilivyokua, kwa sababu watu hawakujuana tena na ilikuwa vigumu kuthibitisha nani anatoka wapi. Uingereza ilikataza kwa sheria ya mwaka 1275 kumkamatia mali mtu asiye mdaiwa wala mdhamini wa deni.

Neno "mdhamini" ndilo ninalotaka mlishike. Sheria hiyo haikufuta kubebana; ilisema kwamba anayembeba mwenzake awe amekubali mwenyewe. Watu wa nje wanawabebesha ninyi nyote hivi sasa, bila kipimo na bila mwisho, maana ujumbe wa simu hauna kiwango cha fidia. Mkijifanya wadhamini kwa hiari, kwa kutenga mfuko unaolipia matengenezo ya kazi mbovu ya mwanachama yeyote kisha chama kimdai mhusika, mzigo unakuwa na mipaka. Pia mtashangaa jinsi wanachama watakavyoanza kuangaliana kazi, pindi mfuko utakapokuwa wa ada zao.

Mwalimu_wa_Jioni

Mniwie radhi, naomba kuwa mkorofi kidogo. Mifano ya ndugu zangu wawili inafaa kwa chama chenye mlango, ambamo mtu huingia kwa kuomba, huandikwa daftarini, na anaweza kutolewa. Katibu ameuliza kuhusu jamii yoyote, na hapo mimi napinga kuchanganya. Watu wa kabila fulani, wafuasi wa dini fulani, wahamiaji waliotoka nchi moja, hawa hawana katibu wala daftari. Mhalifu akitoka miongoni mwao hakuna kikao kilichomkubali na hakuna kikao kinachoweza kumfukuza. Kuwataka waombe radhi ni kuwapa mamlaka wasiyo nayo, pamoja na lawama isiyo yao. Watu hupenda kusema samaki mmoja akioza wote wameoza, wakasahau kwamba methali hiyo inawahusu samaki walio ndani ya tenga moja. Swali la kwanza liwe: je, kuna tenga?

Isitoshe, sehemu ya doa huwa jichoni mwa mtazamaji. Mwaka 1976 wanasaikolojia David Hamilton na Robert Gifford waliwasomesha watu sentensi kuhusu makundi mawili yasiyo na jina. Kundi kubwa lilikuwa na sentensi 26, za matendo mema 18 na za matendo mabaya 8. Kundi dogo lilikuwa na sentensi 13, za mema 9 na za mabaya 4. Mtu akipiga hesabu ataona kwamba uwiano ni ule ule. Hata hivyo wasomaji walilihesabia kundi dogo mabaya mengi kuliko yaliyokuwapo, kwa kuwa kundi lisiloonekana mara nyingi na tendo lisiloonekana mara nyingi, vikikutana, hugandana akilini. Hapakuwa na chuki ya zamani wala habari za kupotoshwa, ni kumbukumbu tu ilivyofanya kazi. Ndiyo maana jamii ndogo inaweza kutii kila sheria na bado ikasemwa, na ndiyo maana nachukia tunapoiambia kwamba ingejieleza vizuri zaidi ingeeleweka.

Kwa chama cha mafundi nakubali kwamba tenga lipo. Fanyeni mliyoshauriwa. Ila msipoteze pumzi kuukimbiza ule ujumbe wa simu na kumjibu kila aliyeusambaza. Kila jibu litausambaza tena.

KatibuMafundi

Nawashukuru, na Mwalimu amenigusa mahali ambapo nilikuwa nimepaficha. Nilipoandika swali sikusema yote.

Mmoja wa wale watatu aliletwa mbele yetu mwaka jana. Mwanafunzi wake alituambia kwamba bosi wake hununua roli moja ya waya mnene kwa ajili ya kuonyesha, kisha huirudisha dukani mteja akiondoka. Tulimwita faragha, akakana, akatoa machozi, tukamwonya kwa mdomo. Hatukuandika muhtasari. Mimi ndiye niliyefunga daftari nikasema jambo hili lisitoke humu ndani, lisije likaharibu jina la chama. Mwanafunzi yule aliacha kazi na sijui alikokwenda. Kwa hiyo, Mwalimu, tulikuwa tenga moja na harufu tuliisikia.

Naona mtanielewa sasa kwa nini ushauri wa wazee wa kunyamaza unanitisha, na kwa nini tamko la kuwakana linanitisha zaidi.

Mwanakamati_wa_Nidhamu

Ndugu Katibu, nimekuwa nikisoma kimya, lakini ungamo lako limenitoa. Nimekaa katika kamati ya nidhamu ya chama cha kitaaluma kwa miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba sentensi uliyoitamka, "lisitoke humu ndani", nimeisikia karibu katika kila shauri lililokuja kutuaibisha baadaye. Husemwa kwa nia njema. Anayeisema huamini analinda wengi, kumbe anachokifanya ni kuuhamisha uovu kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwenye taasisi. Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilipoanza kuchapisha uchunguzi wake juu ya mapadri walionajisi watoto, kilichowakasirisha waumini hakikuwa uhalifu wa mapadri peke yake, bali pia kwamba viongozi walijua na wakawahamisha kutoka parokia moja hadi nyingine. Desemba ya mwaka huohuo kardinali wa Boston alijiuzulu. Yeye hakushtakiwa kwa kumgusa mtoto yeyote.

Kinyume chake kipo. Machi 1979 kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania kilipata ajali na sehemu ya kiini chake ikayeyuka. Kampuni zote za Marekani zenye vinu zilitambua kwamba kosa la kampuni moja linaweza kuzifungia zote, na kabla ya mwaka kwisha zikaunda taasisi ya kukaguana, iitwayo INPO, ambayo wakaguzi wake hujumuisha wataalamu wanaoazimwa kutoka vinu vingine. Mwaka 1987 waendeshaji wa kinu cha Peach Bottom, katika jimbo hilohilo, waligundulika kuwa walisinzia zamu, na mamlaka ya serikali ikaamuru kifungwe. Taasisi ya wenzao haikuwatetea. Iliwaandikia uongozi ukosoaji mkali, na mwaka 1988 wakuu wa kampuni hiyo wakaondoka. Ulinganishe na kampuni za kemikali: baada ya gesi ya sumu kuvuja na kuua maelfu ya watu Bhopal, India, mnamo Desemba 1984, zilianzisha mpango wa kiapo cha usalama, kwanza Kanada na kisha Marekani. Kiapo kilikuwa kizuri, ila mwanzoni hapakuwa na adhabu kwa anayekivunja, na utafiti wa Andrew King na Michael Lenox uliochapishwa mwaka 2000 haukuona waliokula kiapo wakipunguza uchafuzi haraka kuliko wasiokula. Nembo isiyo na adhabu huwavutia hasa wanaohitaji pa kujificha.

Kuhusu vijana wako wanaotaka picha zisambazwe, wazuie. Sisemi hivyo kwa kuwahurumia walaghai. Watu wa kundi moja huwa wakali kupita kiasi kwa mwenzao aliyewaaibisha; José Marques na wenzake walilionyesha hili nchini Ubelgiji mwaka 1988, kwamba mtu hupewa hukumu mbaya zaidi na wenzake kuliko anayopewa mtu wa nje mwenye kasoro zilezile. Hasira hiyo huonekana kama uadilifu, na ndani yake mna woga mwingi wa kuchafuliwa. Mnasema ni watatu. Je, wote watatu wamesikilizwa? Huenda mmoja alikuwa mbeba ngazi aliyefanya alivyoagizwa. Elinor Ostrom, aliyechunguza jinsi jamii zinavyotunza misitu, malisho na mifereji ya pamoja, aliona katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba jamii zilizodumu zilikuwa na adhabu za kupanda ngazi, kuanzia ndogo hadi kubwa, na usimamizi uliofanywa na wanachama wenyewe au watu wanaowajibika kwao. Onyo la mdomo la mwaka jana lilikuwa ngazi ya kwanza isiyo na ngazi ya pili.

Andikeni mashtaka, wapeni siku za kujibu, toeni uamuzi ulio na sababu, kisha uchapisheni uamuzi wenyewe badala ya picha. Na muutangazie umma pia kosa la kamati. Hilo ndilo gumu zaidi, kwa sababu watatu mnaweza kuwafukuza, lakini wewe bado ni katibu.

Mwalimu_wa_Jioni

Naunga mkono, ila naongeza: mtafuteni yule mwanafunzi. Katika mkasa mzima yeye ndiye pekee aliyelilinda jina la chama, na ndiye aliyepoteza kazi.

KatibuMafundi

Naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Wiki tatu zilizopita zimekuwa ndefu. Kikao kilichukua saa sita. Mwenyekiti hakufurahi, na wazee wawili walitoka kabla ya kura. Wanachama wawili wamevuliwa uanachama kwa uamuzi wa maandishi ambao sasa umebandikwa mlangoni petu na kutumwa kwa kila mteja ambaye tuna namba yake. Wa tatu alikuwa kama alivyokisia Mwanakamati: kijana wa kubeba ngazi na kuchimba kuta, aliyeambiwa asiulize. Amesimamishwa kwa mwaka mmoja, na katika mwaka huo atafanya kazi chini ya fundi mwingine. Katika uamuzi huo niliomba iandikwe aya moja kuhusu kikao cha mwaka jana, pamoja na jina langu. Nimejiuzulu ukatibu. Naendelea kushika daftari hadi achaguliwe mwingine, kwa sababu hakuna aliyetaka kulishika wiki hii.

Mwanafunzi tumempata. Ameajiriwa kwenye karakana ya kuchomelea vyuma na amesema hataki kurudi. Nilimwomba radhi kwa simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema "sawa", akakata.

Kwa mujibu wa risiti, nyumba walizofanya kazi ni 11. Tumeanza kuzifungua kuta kwa gharama ya mfuko wa chama, tukianza na majiko na mitambo ya kupasha maji. Hadi jana tumemaliza nne: tatu zilikuwa na waya mwembamba, ya nne ilikuwa sawa, na mwenye nyumba hiyo alikasirika kwamba tumembomolea ukuta bure. Plasta yake tunairudishia Jumatatu. Yule mama wa kwanza alisimama nyuma yangu nilipokuwa nikibandika kibandiko ndani ya sanduku lake la swichi, akaniomba kalamu, na chini ya jina la fundi akaandika namba yake ya simu, akisema kwamba akitokea mtu anayetaka kujua kama kazi hii ilirekebishwa, ampigie yeye.

Nyumba ya tano ni kesho asubuhi.